Mbuyu, pilipili manga na mwani: uchague mfumo upi wa kuainisha mimea?

Tuseme umepewa kazi ya kuandika vibao vya shamba la viungo huko Unguja. Kila kibao kiwe na jina la Kiswahili, jina la kisayansi, familia na kundi kubwa la mmea. Mkarafuu haukusumbui: Syzygium aromaticum, familia ya Myrtaceae, unasonga mbele. Ukifika kwenye pilipili manga mambo yanabadilika. Kitabu cha sekondari kinasema ni daikotiledoni, mmea wenye majani mawili ndani ya mbegu, sawa na maharage. Wataalamu wa leo wa mimea ya maua hawana tena kundi la daikotiledoni. Pilipili manga wameitenga na maharage, wakaiweka pamoja na mdalasini, kungumanga, parachichi na stafeli. Shamba ni lilelile, lakini kibao kinataka jibu moja.

Mifumo ya kuainisha mimea iliyowahi kutungwa ni mingi, ila msomaji wa Afrika Mashariki hukutana hasa na mitatu: ule wa shuleni, ule wa vitabu vikubwa vya mimea vilivyotungwa kabla DNA haijaanza kutumika, na ule wa kundi la wataalamu liitwalo APG, ambao msingi wake ni DNA. Mfumo wa Carl Linnaeus wa mwaka 1753, uliopanga mimea katika ngeli 24 kwa kuangalia stameni (sehemu za kiume za ua), nauacha nje, maana hakuna anayeutumia tena. (Ngeli ya 24 aliigeuza kapu: kila kisichoonyesha maua kiliingia humo, kangaga, mwani, hata uyoga.) Tulichorithi kwake ni jina la maneno mawili, jenasi na spishi, na hilo linatumika katika mifumo yote mitatu.

Mfumo wa shuleni

Huu unaendeshwa kwa maswali machache yanayojibika kwa macho. Je, mmea una mishipa ya kupitisha maji? Kama hauna, ni brayofaiti, vile vijimea vya kijani vinavyotanda kwenye kuta zenye unyevu na kwenye magome ya miti ya milimani. Kama unayo lakini hauzai mbegu, ni teridofaiti, yaani kangaga na wenzake. Geuza jani la kangaga lililokomaa: vile vidoa vya kahawia vilivyojipanga upande wa chini ndivyo vinavyobeba spora, yaani chembe ndogo za uzazi. Kama mmea unazaa mbegu, unauliza tena: mbegu iko wazi, kama ya msonobari, au imefungwa ndani ya tunda? Wenye mbegu wazi ni jimnospamu, wenye mbegu iliyofungwa ni anjiospamu, yaani mimea ya maua. Anjiospamu nao wanakatwa mara mbili, monokotiledoni upande mmoja (mahindi, mnazi, tangawizi) na daikotiledoni upande wa pili (maharage, mwembe, mkarafuu). Mtaala wa 8-4-4 wa Kenya uliyapanga haya chini ya majina matatu: Bryophyta, Pteridophyta na Spermatophyta.

Wapo wanaoudharau mfumo huu kwa kuwa ni wa zamani. Mimi siudharau. Ngazi zake zinaeleza jinsi mimea ilivyoachana na maji hatua kwa hatua. Kwa brayofaiti na kangaga, mbegu ya kiume huogelea kulifikia yai, ndiyo maana mimea hiyo haistawi mbali na unyevu. Msonobari na mwembe hazihitaji hilo. Chavua hupeperushwa na upepo au hubebwa na mdudu. Mwanafunzi akilishika hilo, hahitaji kukariri orodha.

Udhaifu wake ni kwamba unayaamini macho, na macho yanadanganyika. Nenda ufukweni uchume kijiti kimoja cha kijani cha mvinje, kile kinachofanana kabisa na sindano ya msonobari, ukivute taratibu. Kinakatika kwenye vifundo, kipande baada ya kipande, na kila kifundo kimezungukwa na vijimeno vidogo sana, sita hadi nane. Vijimeno hivyo ndivyo majani yenyewe. Ulichodhani ni jani ni tawi. Na kile kidude kigumu kinachofanana na koni ni mkusanyiko wa matunda. Mvinje ni mmea wa maua, hauna undugu wa karibu na msonobari.

Kinyume chake ni mtapo wa Pwani, Encephalartos hildebrandtii. Ukiuona kwa mbali utadhani ni mnazi mfupi uliodumaa, kumbe ni jimnospamu anayezaa koni kubwa. Na kama umewahi kula fumbwa ya Wakongo, ile mboga inayokatwa nyembamba ikapikwa kwa karanga, umekula majani ya Gnetum africanum. Majani yake ni mapana, mishipa imesambaa kama wavu, na mmea wenyewe unatambaa juu ya miti. Anayefuata jedwali la shuleni la kutofautisha monokotiledoni na daikotiledoni ataapa kwamba ni daikotiledoni. Ni jimnospamu, na ndugu zake wa karibu wako upande wa msonobari, si wa mchicha.

Ndani ya anjiospamu nako mna mitego. Jedwali linasema monokotiledoni wana mishipa ya jani iliyonyooka sambamba. Jani la kiazi kikuu na la gimbi yana mishipa ya wavu, na yote mawili ni monokotiledoni. Linasema petali zikija kwa tatutatu ni monokotiledoni. Fungua ua la mstafeli, utakuta petali tatu nene za nje na tatu za ndani, ilhali mti huo una mbegu ya majani mawili. Mwalimu akiongeza neno "kwa kawaida" katika kila mstari wa jedwali lile, atakuwa amewatendea haki wanafunzi wake.

Mfumo wa vitabu vikubwa

George Bentham na Joseph Hooker wa Uingereza waliutoa wao kati ya 1862 na 1883. Adolf Engler wa Ujerumani akaja na wake, na Mmarekani Arthur Cronquist akakamilisha wake mwaka 1981. Hawa hawakutegemea sifa moja. Walilinganisha ovari, stameni, mbegu, mpangilio wa majani na hata mbao, kisha wakaamua kwa uzoefu ni mimea ipi iwe familia moja.

Kwa Kenya, Tanzania na Uganda, kazi kubwa ya aina hii ni Flora of Tropical East Africa. Sehemu zake za kwanza zilitoka 1952 na za mwisho 2012, na imeeleza spishi zaidi ya 12,000. Ilitolewa familia kwa familia, tena kwa mipaka ya zamani ya familia. Kwa hiyo anayetafuta mbuyu afungue Bombacaceae, anayetafuta mlenda afungue Tiliaceae, na bamia iko Malvaceae. Asiyelijua hili atapekua Malvaceae mpaka achoke, ahitimishe kwamba mbuyu umesahauliwa.

Nguvu ya vitabu hivi ni funguo za utambuzi: maswali ya mbilimbili yanayokuongoza kutoka kwenye tawi ulilolishika mpaka kwenye jina la spishi. Majani yametazamana au yamepishana? Utomvu ni mweupe au hakuna? Hakuna kilichokuja baadaye kilichochukua nafasi ya funguo hizo kwa mtu aliye porini bila mtandao wala maabara.

Pale vinapokwama ni kwenye mipaka. Kwa kuwa uamuzi ulikuwa wa jicho la mtaalamu, kila mtaalamu alikata kwake. Kitunguu kwa Cronquist ni Liliaceae, familia aliyoipanua mpaka ikawa ghala la kila ua lenye petali sita ambalo halikupata pengine pa kukaa. Mwingine kakiweka Alliaceae, mwingine Amaryllidaceae. Na wewe unayeandika orodha ya mimea ya wilaya yako, utamfuata nani?

APG

Mwaka 1998 kundi la wataalamu kutoka nchi kadhaa, lililojiita Angiosperm Phylogeny Group, lilitoa mpangilio mpya wa mimea ya maua uliotegemea zaidi ulinganisho wa DNA. Likaurekebisha mwaka 2003, 2009 na 2016. Toleo la 2016, APG IV, lina oda (makundi ya familia) 64 na familia 416.

Kanuni yao ni ya ukoo: ukimtaja babu, unawachukua wajukuu wote, habaguliwi hata mmoja kwa sababu kavaa tofauti. Ni hapo daikotiledoni walipokufa kama kundi. Majani mawili ndani ya mbegu ni sifa ya kale, na monokotiledoni wamechipuka ndani ya ukoo huohuo wakabaki na jani moja. Ukisema "daikotiledoni" unamtaja babu pamoja na wajukuu wengi, huku ukiufukuza mlango mmoja mzima.

Badala yake tuna eudikoti, ambao ni kama robo tatu ya mimea yote ya maua, na sifa yao ya pamoja iko kwenye chavua: ina mifereji au matundu matatu, au namna iliyotokana na hiyo. Chavua ya monokoti (monokotiledoni) na ya magnolidi, lile kundi la pilipili manga na parachichi, kwa kawaida ina moja. Yungiyungi la kwenye mabwawa lilijitenga mapema zaidi kuliko wote hao. Ukilivunja kokwa la parachichi linapasuka mapande mawili kama haragwe, lakini chavua yake inalikana haragwe.

Sasa lile shamba la viungo linajipanga upya. Upande wa magnolidi unapata pilipili manga, mdalasini, kungumanga na mlangilangi. Upande wa monokoti kuna tangawizi, manjano, iliki, mchaichai na vanila, ambayo ni okidi. Mkarafuu ni eudikoti, na pilipili hoho vilevile, iliyo familia moja na nyanya na biringanya. Binafsi naona mpangilio huu unampa mtembezaji wageni maneno mengi kuliko ule wa zamani: mimea mitatu minne yenye harufu kali, ambayo kwa sura haihusiani, inakuwa na sababu ya kusimama pamoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mbuyu. APG imeziunganisha Bombacaceae, Tiliaceae na Sterculiaceae ndani ya Malvaceae. Kwa hiyo mbuyu, msufi, mkakao, mlenda, pamba na bamia ni familia moja. Mtu wa maabara alilijua hilo kwa DNA, lakini mpishi alikuwa na dalili zake: bamia inateleza, mlenda unateleza, na majani machanga ya mbuyu yakipikwa yanateleza vilevile. Utelezi huo ni sifa iliyoenea katika familia hii. Ukilitazama ua la mbuyu linaloning'inia, utaona mamia ya stameni zimeungana chini kuwa bomba moja, kama zilivyoungana kwenye ua la bamia au la pamba, ingawa la mbuyu ni kubwa kama kiganja. Si kila mmea unaoteleza ni Malvaceae, bila shaka, lakini kwa mwanafunzi hiyo ni njia nzuri ya kuikumbuka.

Haya ndiyo mabadiliko utakayokutana nayo mara nyingi kwenye mimea ya kwetu:

| Mmea | Vitabu vingi vya kabla ya 1998 | APG IV |
|---|---|---|
| Mbuyu, msufi | Bombacaceae | Malvaceae |
| Mkakao | Sterculiaceae | Malvaceae |
| Mlenda (Corchorus) | Tiliaceae | Malvaceae |
| Mtiki | Verbenaceae | Lamiaceae |
| Mchu (Avicennia marina) | Verbenaceae au Avicenniaceae | Acanthaceae |
| Mkonge | Agavaceae | Asparagaceae |
| Kitunguu | Liliaceae au Alliaceae | Amaryllidaceae |
| Mshubiri (Aloe) | Liliaceae au Aloaceae | Asphodelaceae |
| Mkarafuu | Myrtaceae | Myrtaceae |

Usichanganye haya na mambo mawili mengine yanayofanana nayo. La kwanza ni familia nane ambazo kanuni za majina ya mimea zinaziruhusu kuwa na majina mawili halali: Leguminosae ni Fabaceae, Gramineae ni Poaceae, Palmae ni Arecaceae, Compositae ni Asteraceae, na kadhalika. Hapo hakuna kilichohama, ni jina tu. La pili ni jenasi kuvunjwa au kuunganishwa. Migunga yetu ilikuwa Acacia, lakini mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliliacha jina hilo kwa spishi za Australia, na ule wa Melbourne mwaka 2011 haukulirudisha. Migunga ya Afrika sasa ni Vachellia au Senegallia, ingawa familia haikubadilika. Wako watu wa Afrika Mashariki ambao mpaka leo hawajausamehe uamuzi ule, na siwalaumu.

APG haigusi mimea isiyo na maua. Kwa kangaga kuna kundi jingine, PPG, lililotoa mpangilio wake mwaka 2016 na kukadiria spishi zipatazo 11,900. Habari kubwa huko ni kwamba teridofaiti wa shuleni wamegawanyika. Selaginella na Lycopodium wana ukoo wao uliojitenga zamani sana, na kangaga wa kweli wako karibu zaidi na mimea ya mbegu kuliko walivyo karibu na hao. Jimnospamu walio hai, wapatao spishi elfu moja na kidogo tu, wameonekana kweli kuwa ukoo mmoja, kwa hiyo hapo kitabu cha shule kimeshinda.

Kasoro ya APG ni kwamba DNA haionekani kwa macho. Oda nyingine hazina sifa hata moja utakayoishika mkononi ukasema "ndiyo hii". Ni mfumo wa kupangia vitu, na kwa kutambulia mmea porini ni dhaifu.

Na mwani je?

Hapa mifumo inagombana hata juu ya mmea ni nini. Robert Whittaker alipogawa viumbe katika himaya tano mwaka 1969, uyoga ulipata himaya yake, nao mwani kwa sehemu kubwa ukabaki ndani ya mimea. Vitabu vya shule vilivyomfuata viliurekebisha mgawanyo huo na kuuhamishia mwani kwenye Protoktista, himaya ya viumbe wasio mimea, wanyama wala uyoga. Leo wengi hutazama ukoo wa chembechembe za kijani: mwani mwekundu na mwani wa kijani ni ndugu wa kweli wa mimea ya nchi kavu, na mwani wa kahawia ni ukoo wa mbali kabisa ulioipata kazi ya kutengeneza chakula kwa jua kwa njia nyingine.

Wakulima wa Paje na Jambiani wanafunga kambani spinosum na cottonii, na yote miwili ni mwani mwekundu. Chini ya kamba hizohizo kuna majani bahari yanayoota mchangani, na hayo si mwani: yana mizizi, mishipa, maua na mbegu, na yako kwenye monokoti. Kwa kibao cha ufukweni, tofauti hiyo ndiyo ya kuandika kwanza, uwe umechagua mfumo wowote.

Nani achague upi

Mtahiniwa afuate mtaala wake, neno kwa neno. Msahihishaji anatafuta Bryophyta au daikotiledoni, na chumba cha mtihani si mahali pa kuanzisha mjadala wa magnolidi. Mwalimu afundishe ngazi za shuleni kama hadithi ya maji na mbegu, kisha aongeze dakika kumi za mvinje na ua la mstafeli.

Mwenye kitalu cha miche, mtembezaji wageni, anayeandika makala au kamusi, na yeyote anayeanza orodha mpya, achukue APG IV bila kusitasita. Hifadhidata kubwa zinazopatikana bure mtandaoni, kama ile ya bustani ya Kew, zinatumia familia zinazokaribiana sana nayo, kwa hiyo unaweza kuhakiki kila jina kwa simu. Kati ya toleo la 2009 na la 2016 mabadiliko yalikuwa machache, hivyo hofu ya kubadilisha vibao kila mwaka haina msingi.

Ofisa misitu na mtu wa utafiti wa porini wanahitaji mifumo miwili: funguo za vitabu vikubwa za kutambulia, na APG ya kuandikia ripoti. Wanahitaji pia makundi ambayo hakuna mwanasayansi wa uainishaji anayeyatambua. Mikoko ni mfano mzuri. Mkoko wenyewe ni Rhizophoraceae, mchu ni Acanthaceae, mlilana ni Lythraceae, na mkomafi ni Meliaceae, familia ya mwarobaini. Kiukoo hawahusiani kwa karibu, lakini wote wanaishi kwenye tope la chumvi na wote wanakatwa na watu walewale. Sheria na mpango wa upandaji lazima viwataje kwa pamoja.

Sharti moja tu ningelisisitiza kwa wote: usichanganye mifumo miwili ndani ya orodha moja. Orodha yenye mbuyu chini ya Bombacaceae na mkakao chini ya Malvaceae haimfai mtu wa zamani wala wa sasa, na ukihesabu familia zake utapata idadi isiyo na maana. Andika juu ya ukurasa "Familia kwa mujibu wa APG IV", na pale unaponukuu kitabu cha zamani weka jina lake la zamani pembeni.

Kama una sampuli za zamani, usivue lebo zake. Katika hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, mtaalamu anayebadilisha jina hubandika karatasi ndogo pembeni yenye jina jipya, jina lake mwenyewe na tarehe, na ile ya kwanza inabaki palepale. Sampuli ya mwaka 1930 inaweza kuwa na karatasi nne kama hizo, na anayekuja kuisoma anaona kila aliyeitazama na alichoamua.